Nilivyoposa Mbele ya Kamera

Filamu ya dakika tatu imenigharimu kreti mbili za bia na, nikihesabu tena, mchumba mmoja.

Shindano la filamu lilitupa siku moja tu. Mchumba wangu alishika kamera, mimi nikakimbilia kwa jirani, Mzee Tharcisse, hapa Jabe, bila kumweleza kuwa ni maigizo: "Mzee, nakuja kuomba binti yako. Kaa hapa penye mwanga."

Alitaka ng'ombe saba. Nikabishana mpaka watatu, tukanywa bia, majirani wakitazama.

"Asante, Mzee. Filamu imekwisha."

"Filamu gani, mukwe? Siku hizi kila posa ina kamera. Na bia tumeshakunywa mbele ya watu."

Mchumba wangu alitoa kaseti, akaenda nayo kwao Ngagara. Shindano limepita. Mliooa, nishaurini: nimfuate leo, au ningoje hasira ipoe?