Bibi ya Afande

Kutoka Tabora hadi Kampala, mtu mwenye haraka hutumia siku mbili au tatu. Mimi nilitumia miaka kumi na mmoja. Nilipanda treni hadi Mwanza nikiwa na cheti cha kidato cha nne na chupa ya asali ya nyumbani. Nikapakua samaki bandarini, nikavuka kwenda Bukoba, nikafundisha hesabu katika shule iliyonilipa ndizi, kisha nikakwama Mutukula, mpakani, nikiwajazia fomu madereva wa malori. Hapo ndipo nilipokutana na mke wangu. Alikuwa askari wa jeshi la Uganda, mtu wa kaskazini, na alinicheka kwa kusema "samahani" kila baada ya maneno matatu.

Alipohamishiwa Kampala nilikwenda naye. Basi liliharibika kabla ya Masaka, tukakaa kando ya barabara nusu siku, naye akanifundisha Kiswahili cha kambini. Kwao bibi ni mke. Kwetu ni mama aliyemzaa mama yako au baba yako. Tulicheka mpaka abiria wakatugeukia.

Tulipanga vyumba viwili chini ya kilima cha Naguru. Yeye alikwenda kazini alfajiri. Mimi nilifua, nilipika, na mchana niliwafundisha Kiswahili watoto wa askari. Miaka mingi ikapita hivyo. Mwaka alipopata usajini, ikaja barua kutoka juu: jeshi litalipia masomo ya chuo kwa askari au mwenzi wake, mtu mmoja kila nyumba.

"Wewe nenda," akaniambia. "Mimi shule ilinichosha."

Tangu nikiwa shuleni nilitaka kusomea upimaji ardhi. Chuo kimoja cha mjini kilikuwa kimeshanikubali. Kilichobaki ni ada. Mwisho wa kupeleka fomu ulikuwa Ijumaa.

Karani wa ofisi yao alikuwa ameandika tangazo la kubandika ukutani, akaniletea nimsahihishie, maana mimi ni "mtu ya Tanzania". Aliandika: Skolashipu ya askari na bibi yao. Mkono uliniwasha. Nikakata, nikaandika: Ufadhili wa masomo kwa askari na wake zao. Ngeli zote zilikaa sawa. Nililala nimeridhika, mjinga mimi.

Jumatano nikapeleka fomu yangu.

"Ssebo, bwana, hii fomu ya nani?" karani akauliza.

"Yangu. Mke wangu ni sajini wa stoo."

Akageukia mlango. "Banange, jamani, kujeni! Kujeni muone bibi ya afande!"

Wakaja watatu. Mmoja akanizunguka, akanipima kwa macho. "Bibi, gomesi yako iko wapi?" akauliza, akitaja vazi la wanawake wa Uganda. Mwingine akataka kujua leo nimepika nini.

Nikawaambia barua ya juu inasema mwenzi, mume au mke.

"Hiyo sikuona," karani akasema. "Mimi naona kalatasi ya kwa ukuta. Inasema wake. Na ni wewe uliandika."

"Hata wewe uliandika bibi!"

"Bibi ya kwetu ni mtu ya kukaa nyumbani. Wewe unakaa nyumbani. Mimi ningekupitisha." Akanirudishia fomu. "Wewe ndiyo ulisema hiyo si Kiswahili."

Sijawahi kumpiga mtu, lakini siku ile niliiweka mikono mfukoni kwa makusudi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mjinga yule alikuwa na hoja.

Mke wangu aliposikia alicheka kwanza. Halafu akaniona uso, akaahidi kwenda mwenyewe kwa mkubwa wake kesho yake. Akaenda. Alasiri alirudi na fomu iliyopigwa muhuri, akaiweka mezani. Jina lilikuwa lake.

"Nafasi ya nyumba yetu ingepotea," akasema.

"Ulimwambia nimeshapata chuo?"

"Ningemwambia nini? Ati bwana yangu anataka jeshi imsomeshe kama bibi? Mimi nina cheo. Wale vijana napanga mstari nao kila asubuhi."

Karani na wenzake nilikuwa nimewasamehe nusu. Hili sikuweza. Miaka yote nilibeba maji mbele ya majirani bila kuona haya, nikidhani nabeba kwa ajili yetu wawili. Kumbe aibu ilikuwapo. Yeye ndiye alikuwa nayo, ameificha, akinisubiri niombe kitu.

Niliondoka asubuhi aliyokwenda kuripoti chuoni. Alikuwa akipiga pasi blauzi, maana sare haikuruhusiwa darasani.

"Subiri nimalize, miaka miwili tu," akasema. "Halafu na wewe utasoma."

"Nina miaka arobaini na mbili."

"Na mimi sikukufukuza, bwana yangu."

"Hapana. Uliniacha mlangoni tu."

Akaendelea kupiga pasi, palepale, kola ileile. Nikachukua begi nikatoka. Sikuwa nimeamua niende wapi, na kwa hasira niliyokuwa nayo, popote pangenifaa.