Mguu Uliokoma Kuuma

Saa moja asubuhi, kwenye ghala la pamba nje kidogo ya mji wa Bariadi, Yakobo Shigela yuko ndani ya gunia. Kichwa na mabega yake vinapanda na kushuka huku akishindilia pamba kwa miguu mitupu. Hapa hakuna anayeshindilia na viatu, maana viatu huchafua pamba.

Pembeni, kwenye kigoda, kaka yake Masele anashona midomo ya magunia yaliyojaa. Gongo lake la kutembelea limelala chini. Mguu wake wa kushoto unaishia chini ya goti.

"Mwangaluka, mwandishi," ananisalimu kwa Kisukuma. "Zamani humo ndani ya gunia nilikuwa mimi. Hakuna aliyeniweza."

Maganda makavu ya pamba huchoma kama miiba, na mgeni wa kazi hii huruka kwa maumivu. Msimu mmoja Masele akaona hachomwi tena. Akajisifu, na wenzake wakambatiza jina la Kwato.

"Nilifurahi, jamani! Nilidhani mguu umekomaa, kumbe unakufa."

Inasikitisha, maana dalili zote zilikuwepo. Kiu haikumwisha, na usiku hakuacha kutoka nje kukojoa. Mkewe, Lukresia, alimsihi akapime.

"Alinijibu kisukari ni cha matajiri wa mjini, sisi tunakula ugali na viazi vyetu vya kukausha," anasema Lukresia. "Ningemburuta. Mpaka leo najuta sikumburuta."

Kilichomfikisha hospitali ni kidonda kilichooza, na mguu haukuokolewa. Huko ndiko muuguzi alikomweleza kuwa hata ugali na viazi hugeuka sukari kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, inayoifungulia sukari njia ya kutoka kwenye damu na kuingia kwenye seli za mwili iwe nguvu. Insulini ikipungua, au mwili usipoiitikia, sukari hurundikana kwenye damu na kuharibu mishipa ya fahamu taratibu, hadi unyayo usijue kuwa umechomwa.

"Ni kama pamba imejaa ghalani, kiwanda kina njaa, na mwenye ufunguo hayupo," anasema Masele.

Sasa hofu yake ni mdogo wake, kwa kuwa kisukari huweza kuandama ukoo. Kila akiambiwa akapime, Yakobo hucheka. Akapime nini, na msimu umepamba moto?

Gunia limejaa. Yakobo anatoka, anakunywa maji, anaongeza tena na tena. Masele anamwomba akae, anyanyue miguu. Kwenye unyayo wa kulia kuna kipande cha ganda kilichozama, na damu imeshakauka pembeni yake.

"Hiki kimeingia lini?"

"Kipi, kaka?"

Masele anaweka sindano chini.

"Vaa viatu, tunakwenda hospitali. Ukiwahi kuna dawa, unapanga na chakula, unaishi. Mimi sikuwahi."

Safari hii Yakobo hacheki. Anatafuta viatu vyake.

"Nina ombi moja tu kwa Mungu," Masele anasema, akijiinua kwa gongo. "Siku ya kunizika, huyu asimame kaburini kwa miguu yake yote miwili."