Risasi ya Gitaa

Jumanne iliyopita tulimzika kaka Eliamini. Njiani, pale Same, fundi simu alikuwa akiyeyusha risasi, na harufu yake ikanirudisha kambi ya mkonge, enzi za Ujamaa, mchana ule gitaa la umeme la kaka lilipokata sauti. Jioni bendi ingemsikiliza; wasipomchukua, angeendelea kukata mkonge.

“Waya umeachia,” alisema. “Kaniombee risasi kwa fundi redio.”

Nilikwenda nikilia. Risasi niliyoijua ilikuwa ya bunduki.

“Shikamoo. Kaka anaomba risasi.”

“Marahaba. Anataka kumuua nani?” Fundi alicheka, akanipa kiwaya laini cha kijivu, risasi ya kuungia nyaya.

Kaka alikiyeyusha kwa msumari wa moto. Gitaa lilikoroma, likanyamaza kabisa. Leo nadhani koili, ule waya mwembamba wa kunasia sauti, ndiyo iliyoungua.

Baba akasema, “Basi, mwanangu. Kesho mkonge.”

Kaka alichukua panga, akaanza kulinoa.