Nilivyowaacha Wanamuziki wa Chaani Barabarani

Siku ninayotaka kukueleza, mwanangu, naikumbuka tangu asubuhi yake. Ilikuwa Jumapili, jua la Changamwe kali, na mimi nilikuwa na umri kama wako, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mwingi wa maneno na mwepesi wa kuahidi. Nimesikia wewe na wenzako mmejitolea kukisaidia kikundi cha muziki cha hapa mtaani. Mmoja atatafuta ukumbi, mwingine atabeba ala, mwingine ataleta gari. Nimefurahi. Lakini kabla hujaanza, kaa kidogo unisikilize. Haya sijawahi kuwaambia hata wanangu wa kuzaa, na nayasema sasa kwa kuwa nimechoka kuyaficha.

Miaka ya themanini ilipokuwa yaelekea kwisha, Chaani, mtaa wetu wa huku Changamwe, tulikuwa na taarabu yetu. Usidhani ilikuwa kama zile kubwa za mjini, zenye suti na vipaza sauti. Hii ilikuwa ya watu kumi na mmoja, wenye kazi zao za mchana, waliokutana Jumamosi alasiri katika darasa moja la chekechea. Walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamewapanda kifuani, wakapiga mpaka karibu na magharibi. Hakuna aliyelipwa. Walipiga katika harusi za watu wasio na uwezo wa kuita wapigaji wengine: yatima, wajane, vibarua wa bandarini. Mkuu wao alikuwa Bi Zuhura, mama wa makamo, mzaliwa wa kisiwani, kule mjini, aliyeolewa huku kwetu. Alipiga kodiani, na alikuwa mtu wa maneno machache. Fidla ilikuwa ya Mzee Nzaro, seremala, Mgiriama na mtu wa kanisani, ambaye alizijua nyimbo zetu za harusi kuliko wengi wetu tuliozaliwa nazo. Na mwimbaji alikuwa Mishi.

Mishi nikueleze vizuri, maana ni haki yake. Alikuwa mke wa jirani yetu Bakari, fundi wa kushona sare za shule. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, na akiimba alifumba jicho moja tu, jambo lililotuchekesha, naye akijua twamcheka akazidi kulifumba. Mwaka ule alikuwa na mtoto wa kike wa miezi minne, bado ananyonya. Wenzake walimwambia apumzike, aje mtoto akikua. Akasema, "Nikipumzika, nani atawaimbia mayatima? Nitakwenda na kurudi, maziwa hayataganda."

Mimi sikujua kupiga hata tari. Nilichokuwa nacho ni pikapu ya ami yangu, muuza mbao wa Magongo, ambayo Jumapili ilikuwa haina kazi. Nikajitolea kuwachukua na kuwarudisha. Bila gari hawangefika popote, kwa sababu besi lao, fidla kubwa ya kupigwa kwa kusimama, lilikuwa refu kuliko mtu, na hakuna gari la abiria lililokubali kulipakia. Watu wakanisifu. Bi Zuhura mwenyewe, aliyekuwa hasifu ovyo, alisema mbele ya kikundi kizima kwamba Hamisi ndiye miguu yetu. Nikavimba kichwa. Nilipenda kusifiwa kuliko nilivyoupenda muziki wenyewe, ila hilo nilikuja kulijua baadaye sana.

Mara nyingine nilichelewa. Mara nyingine nilimtuma mtu mwingine na gari, mtu asiyejua hata pa kuwapata. Hawakunigombeza. Na kila nilipochelewa, nilikuwa na swali moja moyoni la kujituliza: kwani wananilipa?

Basi Jumapili ile kulikuwa na harusi mbele ya Miritini, katika kijiji kimoja upande wa kwenda Mazeras. Bi harusi alikuwa hana baba. Niliwapeleka asubuhi, nikawasaidia kushusha ala, na tukaagana kwamba saa kumi watakuwa wametoka hadi barabara kuu, nami nitakuwa pale. Mishi alinifuata nikiwa nimeshakalia usukani.

"Hamisi, saa kumi yako au saa kumi ya saa?"

"Ya saa, dada yangu."

"Nina mtoto, unajua. Nimemwachia babake na chupa, lakini chupa haitaki."

"Saa kumi utaniona," nikamwambia. "Una wasiwasi gani?"

Nikarudi Changamwe. Pale Magongo nikawakuta rafiki zangu wamekaa barazani, wanasubiri gari la kuwapeleka kisiwani kwenye mpira. Walipoiona pikapu walishangilia. Mechi ilikuwa inaanza saa tisa na nusu. Nikajiambia nitawapeleka tu, nitawaacha getini. Tulipofika getini nikajiambia nitaangalia nusu ya kwanza. Nusu ya kwanza ilipokwisha timu yetu ilikuwa imefungwa bao moja, na rafiki yangu mmoja akaniuliza, "Unawakimbilia nani?" Nikajibu, "Watu fulani tu, watangoja." Nilisema hivyo, mwanangu. Kwa ulimi wangu huu. Hakuna aliyenishika mguu. Gari halikuzibiwa njia. Nilikaa kwa sababu nilitaka kukaa. Tulisawazisha dakika za mwisho, tukashangilia, kisha tukaenda kunywa soda.

Nilipopita Changamwe kwenda kuwachukua, jua lilikuwa linazama. Karibu na Miritini magari yalikuwa yamesimama foleni. Nikashuka, nikatembea. Barabara ilikuwa nyeupe. Nilidhani ni unga. Ilikuwa saruji. Lori lilikuwa limelala ubavu, magurudumu ya upande mmoja yako juu, na mifuko imepasuka kila mahali, na watu waliokuwa wakikimbia huku na huku walikuwa weupe kuanzia nywele hadi miguuni, hata sikuweza kumtambua mmoja wao.

Nilimtambua Bi Zuhura kwa kodiani. Alikuwa amekaa chini kando ya barabara, ameipakata. Akaniangalia.

"Ulikuwa wapi, Hamisi?"

Nikasema, "Gari liliharibika, Bi Zuhura. Wallahi, liliharibika."

Nililitaja jina la Mungu juu ya uongo, na maiti iko hatua kumi kutoka pale. Yeye akasema "Basi" tu, akageuza uso.

Walikuwa wamengoja kwa muda wa saa mbili hivi, nilikuja kuelezwa. Mwenye harusi aliwaomba warudi walale kwake, asubuhi atawatafutia usafiri, na Bi Zuhura alikubali. Lakini Mishi alikuwa amejaa maziwa hadi kanga imelowa kifuani, na alikuwa akilia kimyakimya kwa kumfikiria mtoto wake. Lori lilipopunguza mwendo na utingo akasema anaweza kuwapandisha juu ya mifuko, Mishi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda. Wenzake wakasema hawamwachi peke yake. Bi Zuhura walimweka mbele kwa dereva, kwa heshima ya ukuu wake. Hawakufika mbali, tairi likapasuka.

Mishi alifia palepale, chini ya mifuko. Mzee Nzaro alipondwa mkono wa kushoto, ule unaocheza kwenye nyuzi za fidla. Wengine walivunjika hapa na pale, wakapona. Nami niliwapakia majeruhi kwenye pikapu nikawakimbiza hospitali, na njiani watu wakawa wananiombea dua kwa wema wangu. Hebu fikiria hilo, mwanangu. Gari lililokuja baada ya balaa ndilo nililoshukuriwa kwalo.

Siku ya mazishi, Bakari alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Macho yake yalikuwa mekundu, ila alikuwa halii. "Usijilaumu," akaniambia. "Gari ni chuma, huharibika. Imeandikwa." Nikainamisha kichwa, watu wakadhani ni huzuni. Mzee Nzaro hospitalini, mkono umekatwa juu kidogo ya kifundo, naye akanifariji. Alisema, "Pole, kijana. Lazima uliteseka sana pale ulipokwama." Nikaitikia asante, nikatoka wodini.

Nilikaa na uongo ule zaidi ya mwezi. Nilikula vibaya, nilikuwa mkali kwa mama yangu, nilihama hata msikiti niliozoea kuswali. Lakini sikusema. Nataka ujue hivyo, usije ukanidhania wema nisiokuwa nao: nisingesema kamwe, kama si Bi Zuhura kwenda mwenyewe kwa ami yangu. Alikwenda kumshukuru kwa gari lake na kumpa pole kwa kuharibika kwake. Ami yangu akashangaa. Akamwambia gari lake halijaharibika hata siku moja tangu Ramadhani.

Bi Zuhura akaniita kwake. Nilimkuta anachambua mchele kwenye uteo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho.

"Nambia kweli," akasema. "Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia. Mpira, nusu ya kwanza, soda, yote. Aliendelea kuchambua mchele mpaka nilipomaliza. Kisha akauweka uteo chini.

"Sikukasirikii kwa kupenda mpira. Vijana hupenda mpira. Ungenambia asubuhi, 'Bi Zuhura, leo sitaweza kurudi,' ningekushukuru, nikatafuta mtu mwingine, au Mishi angebaki na mwanawe. Kusema huwezi si dhambi, Hamisi. Wewe ulitupa ndiyo isiyo na kitu ndani, nasi tukasimama juu yake."

"Nisamehe, Bi Zuhura."

"Mimi si mwenye maiti. Inuka. Waenda kwa Bakari, sasa hivi, nami nakwenda nawe, usije ukapotea njiani."

Tulimkuta Bakari nyumbani, cherehani imefunikwa, mtoto amelala begani kwake. Nikasema nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sababu sikuthubutu kuingia. Sikujitetea. Nilipomaliza akawa anampapasa mtoto mgongo. Kisha akasema polepole, kama mtu anayejisemea, "Jioni ile alilia mpaka sauti ikamkauka. Nikawa namwambia mama yuaja. Nilikuwa namwambia mama yuaja, na wewe unanywa soda."

Akaniomba niondoke. Hakunitukana wala hakunipiga. Tuliishi mtaa mmoja miaka mingi baada ya hapo, na hakunisalimia tena hata mara moja hadi alipofariki. Nilikwenda kumzika, nikakaa nyuma kabisa.

Taarabu ya Chaani ilinyamaza. Miaka ya tisini ilipoanza, Bi Zuhura akaikusanya upya, watu sita tu. Mzee Nzaro akarudi bila mkono. Alikaa pembeni akimwimbia noti kwa mdomo binti aliyekuwa akijifunza fidla, akimsahihisha kwa kutikisa kichwa. Sijui kama unaelewa uchungu wa kumtazama mzee yule, mkono uliobaki ukijisogeza wenyewe juu ya paja. Alikuwa ameshaambiwa ukweli. Hakunifukuza, lakini ile "kijana" yake ya zamani haikurudi. Aliniita Hamisi, basi.

Nilikwenda kwa Bi Zuhura kumwomba anirudishe kazini. Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa, na machozi pia. Akanikatiza. "Machozi yako hayanifai. Jumamosi, saa nane, besi liwe mlangoni pa chekechea." Nikalifikisha. Nikalifikisha Jumamosi iliyofuata, na zote zilizofuata, hadi mama yule alipokuwa hawezi tena kuinua kodiani. Usidhani hilo lilifuta kitu. Mtoto wa Mishi alikua bila kuijua sauti ya mamake, kwa sababu hakuna aliyewahi kuinasa hata kwenye kaseti moja. Kazi yangu yote haikumrudishia hata wimbo mmoja.

Sasa nikwambie nililokuitia. Wanaojitolea hawana mkataba wa kukushikia, wala hawana askari wa kukuleta. Wana neno lako, na juu ya neno hilo wanawaacha watoto wao nyumbani na kutoka. Kwa hiyo usiseme kazi hii ni ya bure, kwamba unaweza kuifanya upendavyo. Ukiweza kidogo, ahidi hicho kidogo. Siku utakayoshindwa, sema mapema, hata kama utaonekana mdogo mbele ya watu. Na ukikosea, ukubali kosa siku hiyohiyo. Mimi nilimwacha mfiwa anifariji kwa mwezi mzima, na nakuapia, hilo linaniuma usingizini kuliko mpira wenyewe.

Nenda kawasaidie, mwanangu, wala usiogope. Mtaa bila watu wa kuwapigia mayatima muziki siku ya furaha yao ni mtaa mkiwa. Mungu akupe ulimi usioahidi kupita uwezo wako, akupe na ujasiri wa kusema siwezi. Na kila atakayesimama mahali akikungoja, Mungu amjaalie akuone ukifika. Amina.