Kuku Mwekundu wa Kornelia

Wifi yangu Kornelia alikuwa hawezi kukaa. Tangu kaka yangu Mayala afariki, anainuka kila mara, anafagia palipokwisha kufagiwa, anachungulia barabara ya Lalago utadhani anasubiri mgeni. Mikono ilimtetemeka mpaka chai inamwagika. Dawa yake ilikuwa moja tu, kuku mwekundu aliyeanguliwa chini ya kitanda cha Mayala mwezi ule anaumwa. Akimpakata, mikono inatulia. Majirani hapa Bariadi walimcheka. Niliwajibu vibaya, wakakoma.

Ndiyo miaka ile makampuni binafsi yalipoanza kugombania pamba yetu. Joakim, mwana wa Kornelia, akapata kazi katika mojawapo, huko Dar es Salaam, na mke wake akajifungua. Kornelia alitamani kumpakata mjukuu huyo kuliko kitu chochote, lakini safari ya basi asingeiweza, angeshuka njiani na kupotea. Joakim akamkatia tiketi ya ndege ya shirika jipya lililoanza kuruka kutoka Mwanza.

"Kwenda nitakwenda," Kornelia aliniambia, "ila nakwenda naye."

Nikamsindikiza mpaka uwanjani, kuku kwapani. Binti wa kaunta akamtazama kuku, akatabasamu.

"Mama, kuku hai haruhusiwi kwenye ndege. Ni utaratibu wa shirika."

Kabla hatujajibu, askari alimwita Kornelia akapekuliwe. Kornelia akageuka huku na huku, akampa Maganga amshikie kuku. Maganga alikuwa mchukuzi wa mizigo, mtu mzima wa kwetu aliyetupokea mlangoni kwa salamu yetu ya asubuhi, "Mwangaluka, mayu," yaani mama.

Mimi nikabaki nabishana. Nilimweleza binti kwamba huyu si kuku wa kula, anamtuliza mama huyu, bila yeye hawezi kukaa kitini. Alinisikiliza kwa adabu zote na hakunielewa hata kidogo. Lakini nani amewahi kumwona Msukuma akisafiri na kuku asiye wa zawadi?

"Mbona rahisi, mama," akasema. "Achinjwe, afungwe kwenye boksi. Hapo anaruhusiwa kuingia naye, hata akimshika mkononi."

Nilipandwa na hasira, nikadai kuonana na mkubwa wake. Mkubwa akaja, akarudia maneno yale yale. Nilikuwa bado nafoka Kornelia aliporudi na kuuliza kuku wake yuko wapi.

Maganga alikuwa anakuja kutoka nyuma ya jengo, mikono bado ina maji, amebeba boksi lililofungwa kamba vizuri.

"Tayari, mayu," akasema. "Nilimsikia binti, nikaona nikusaidie usichelewe. Watamnyonyoa hukohuko."

Nilitaka kumzaba kibao. Lakini mtu alikuwa amefurahi kutusaidia, na hakutaka hata senti.

Kornelia hakulia. Alilipokea boksi kwa mikono miwili, akaketi kwenye benchi na kulipakata. Hakuinuka tena mpaka abiria walipoitwa. Mikono ilikuwa imetulia kabisa, na mimi hilo ndilo lililoniogopesha. Nililigusa boksi. Lilikuwa bado na joto.

Jioni nikampigia Joakim kutoka duka la simu.

"Mama kafika salama, shangazi," akasema. "Ila kuna boksi hataki kuliachia. Tunampa mtoto ampakate, anasema mapajani pana mtu."