Mbili Kati ya Kumi

Kilichoninyima usingizi wiki ile kilikuwa swali dogo: je, ni uso wangu uliomfanya mama mmoja mgonjwa abadilishe jibu?

Nilikuwa nimemaliza chuo, nikapata kazi ya miezi mitatu katika utafiti wa maumivu ya watu waliowekewa goti bandia. Kila asubuhi nilipanda kutoka mtaani kwetu Nyakabiga hadi hospitali, nikapita kitanda kwa kitanda na karatasi zangu, fishi kama tunavyoziita, nikiuliza: kutoka sifuri hadi kumi, goti linauma kiasi gani? Nambari hiyo ndiyo aliyoitazama muuguzi kabla ya kutoa dawa. Tulikatazwa kumwelekeza mgonjwa cha kujibu.

Mama huyo, muuza vitenge, siku ya kwanza alisema nane. Kesho yake, mbili. Siku ya tatu, mbili tena. Niliandika. Sikuhisi kitu, au pengine nilihisi mengi mno hadi yakawa kama mguu uliokufa ganzi. Lakini goti lake lilikataa kukunjika, na mtu wa mazoezi ya viungo alisema mama hataki hata kusimama.

Siku ya tano binti yake, aliyekuwa akimuuguza, alinifuata kwenye korido na bakuli la uji mkononi.

"Kaka, ile mbili unaiandikaka kweli?"

"Ndiyo aliyoisema."

"Anaumaka shuka na meno. Mi ndo naifuaka hiyo shuka."

"Mbona haniambii?"

"Siku ya kwanza alisema nane, ukakunja uso kama mutu amefiwa. Akaniambia, huyu mutoto atagonjwa bure, tumupunguzie."

Nilirudi kitandani. Mama akatabasamu kabla sijauliza.

"Leo mbili, mutoto wangu. We umekula?"

Nilisema nimekula. Sikuwa nimekula. Nilishika kalamu, nikawaza labda binti anatia chumvi. Nikawaza daktari ataliona goti mwenyewe. Nikawaza kwamba nikisema, majibu yake yote yataondolewa katika utafiti na kazi yangu pia itakwisha, maana uso wangu ndio uliomwelekeza. Nikinyamaza, mama hatapata dawa ya kumwezesha kufanya mazoezi, ataondoka hapa na goti lililoganda, na vitenge haviuzwi na mtu asiyeweza kusimama. Mama alikuwa bado ananitazama, akisubiri niandike. Vidole vyake vilikuwa vimeikamata shuka.

Sikuandika mbili. Chini ya nambari za siku zilizopita niliandika: mgonjwa amepunguza nambari kwa kumhurumia anayeuliza. Nikatia sahihi, nikaenda kwa daktari mkuu wa utafiti, nikamwomba amtume mtu mwingine kumuuliza.

Alisoma mara mbili. "Unajua kazi yako inaweza kuishia hapa?"

"Najua."

Akamwita muuguzi mmoja mtu mzima, wakaenda wote. Mimi nilibaki nje ya mlango. Nilimsikia mama akisema tisa. Muuguzi akatoka, akanipita, akaenda kwenye kabati la dawa.