Nungu wa Baharini Waliozaa Njiani

Nilikuwa mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja ya Bariadi, miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena na watu wakaacha kupanga foleni ya sabuni. Likizo moja nilikwenda Dar es Salaam kwenye semina. Mhadhiri akatuonyesha mayai ya nungu wa baharini, yule mnyama wa mviringo mwenye miiba, yakigawanyika chini ya hadubini. Mawili, manne, manane.

Kilichonikamata ni histoni. Hizi ni protini ambazo uzi wa DNA hujizungusha juu yake, kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Yai linapogawanyika kwa kasi, kila seli mpya inadai histoni zake, kwa hiyo jeni za mwanzo huzitengeneza kwa pupa saa zile za kwanza. Kiinitete kikishakuwa mpira wa seli mamia, jeni hizo hunyamaza, nyingine za taratibu hushika kazi. Jeni zenyewe hazionekani kwa hadubini ya shule, lakini mgawanyiko unaonekana. Nikaamua Kidato cha Tatu wauone.

Nikanunua ndoo ya plastiki yenye mfuniko, nikaokota nungu wanane maji yalipokupwa, nikajaza na madumu mawili ya maji safi ya bahari. Nungu dume na jike hawatofautiani kwa macho. Nikawaweka wote pamoja, nikapanda treni ya Shinyanga.

Tabora nilifungua ndoo, wote wazima. Shinyanga nikahamia kwenye basi la mtu binafsi lililokuwa limeanza safari za kwetu, ndoo nimeipakata. Kando yangu alikaa mama mtu mzima wa Nkololo. Nikamsalimu, "Mwangaluka, mayo," akaitika vizuri, tukazungumza bei ya pamba. Nilipopitiwa na usingizi, yeye kiu ilimshika, akainua dumu langu moja. Niliamshwa na kikohozi.

"Mwanangu," alisema akijifuta mdomo, "maji ya Dar mnayanywaje?"

Nilimwomba radhi, nikamweleza ni ya bahari. Akauliza ndani ya ndoo kuna nini. Nilipofunua, maji yalikuwa meupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Mama akasema mzigo wangu umechacha. Mimi moyo ulinilipuka, maana nilijua: mtikisiko wa safari umewafanya nungu watoe mayai na mbegu, na kazi imeshaanza bila mwalimu. Basi liliposimama Maswa nilishuka mbio, nikachota kikombe kimoja cha ule weupe nikakimimina kwenye dumu moja, ili viinitete vipate hewa. Kondakta aliniuliza kama natengeneza mtindi.

Bariadi niliwasili kesho yake, maana basi lilivunjika springi na tukalala Maswa. Mkuu wa shule alikuwa ameshawatangazia wazazi kwamba mwalimu analeta bahari. Alinisubiri maabara amevaa tai. Niliweka tone chini ya hadubini, nikainama, na badala ya seli mbili nikaona mipira midogo mingi ikizunguka yenyewe na kuogelea. Nilifurahi na kuumia kwa pamoja. Wanafunzi walipanga foleni, kila mmoja akakataa kumpisha mwenzake.

Nikawaeleza habari ya histoni na zile jeni za pupa. Msichana mmoja, mkimya siku zote, akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo mwalimu, hizo jeni za mwanzo zimeshanyamaza?"

"Zimeshanyamaza."

"Wapi?"

Ilinibidi nikubali kwamba ni mahali fulani Maswa, wakati fundi akitafuta springi.

Mkuu wa shule, jicho lake bado kwenye hadubini, akasema taratibu, "Basi kwenye ripoti andika somo lilifundishwa stendi."

Nungu wenyewe walikufa wote, na harufu ilifukuza darasa la jiografia kwa siku mbili. Mpishi alikuja kuuliza kama wanaliwa, akawatazama kidogo, akaondoka bila kungoja jibu. Lakini viinitete viliishi siku nyingine tatu. Yule msichana alikuwa anafika maabara kabla ya kengele, anachora alichokiona kwenye daftari la hesabu, na asubuhi moja alinikemea kwa heshima zote kwamba nimechelewa kubadilisha maji.